Tundu la Mwisho la Swichi

Walikutana kwenye foleni ya kahawa ya hospitali moja ya Winnipeg, asubuhi ambayo baridi ilikuwa imewavalisha watu hadi kope. Maricel wa maabara, sweta jekundu chini ya koti jeupe, alimgeukia Taras Kowalchuk wa idara ya mtandao na kumwuliza kama hizo nyaya shingoni ni mkufu wa posa. Taras alicheka, akamlipia kahawa.

Miezi minane baadaye, kila Jumapili walikula pierogi, maandazi ya viazi ya kuchemsha, kwa mama yake Taras na kila Jumamosi tambi kwa dada yake Maricel, lakini neno lenyewe la ndoa Taras alikuwa hajalitamka. Ndipo Maricel akapewa nafasi ya kazi Calgary, mji mwingine wa mbali. Alitakiwa kujibu Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni.

"Simu ya mkononi haishiki kule chini maabara," alimwambia. "Nipigie ya mezani saa tisa na nusu. Ukitaka nibaki, sema. Usipopiga, nitajua."

"Utajua nini?"

"Kwamba nilikuwa nimependana na kabati la nyaya."

Ijumaa hiyo saa tisa, Taras akiwa ofisini juu, alikuwa na kazi ya kuweka ulinzi kwenye swichi ya maabara, kisanduku chenye matundu kinachounganisha kompyuta na simu za mezani za humo na mtandao: kila tundu likiulize kifaa kilichochomekwa, wewe nani, na kisichojulikana kisipite. Vidole vilikuwa Winnipeg, kichwa Calgary. Akayapa amri hiyo matundu yote, hata lile la mwisho, lenye waya unaoiunganisha swichi na mtandao mkuu. Swichi ikatii kama askari mgeni getini: ikauuliza mtandao mkuu jina, haikujibiwa, ikaufungia nje. Taras naye akabaki nje. Kompyuta za maabara zikaganda, printa za lebo za damu zikanyamaza, simu ya Maricel ikafa.

Saa tisa na nusu alipiga mara nne kabla hajaelewa alichokifanya. Swichi sasa ilifikika kwa njia moja tu, kuichomekea waya kwa mkono. Akabeba laptopu na kushuka ngazi mbili mbili.

Katikati ya ngazi alimkuta Maricel akipanda, simu mkononi, macho mekundu kushinda sweta.

"Nipishe, bwana. Natafuta pa kushika mtandao, nitume jibu langu."

"Simu yako nimeiua mimi. Nimefunga tundu lisilopaswa kufungwa."

"Kwa hiyo kuniambia hunitaki kumekushinda, ukaona bora uzime hospitali?"

"Ni ujinga, mpenzi, si nia. Nilikuwa nakuwaza wewe. Baki, nikuoe."

Maricel alimtazama, shati nje, waya ukiburuzika nyuma yake.

"Fungua mashine zangu kwanza. Kuna damu ya watu inasubiri."

Taras alipiga magoti mbele ya swichi na kuliondolea ulinzi tundu lile moja. Mtandao ukarudi. Vifaa vya maabara visivyojua kujitaja akaviandikisha kimoja kimoja, na printa zikaanza kutema lebo. Maricel alikuwa amempa mgongo, akiandika. Saa kumi kasoro dakika tatu alimgeuzia kioo cha kompyuta: aliwashukuru watu wa Calgary, akasema haji, kwa sababu huku kuna mtu hawezi kuachwa peke yake na swichi.

"Bonyeza wewe," alisema.

Taras alisoma mara mbili, neno kwa neno, ndipo akabonyeza.