Mlamba Tepe

Kioo cha kishikwambi kilikuwa na mafuta. Muuguzi alikifuta kwa spiriti, akarudia, lakini kila alipogusa jina la mgonjwa kidole kiliteleza, na kidole chenyewe kilinuka kama mchuzi uliochacha. Akadhani ni jasho lake. Tangu ghorofa liporomoke asubuhi hakuwa ameketi.

Majeruhi walilazwa kwenye ukumbi wa shule. Kazi yake ilikuwa kumfunga kila mmoja utepe mweupe wenye namba mkononi, kuandika jina lake, anapoishi na anaoishi nao kwenye kishikwambi, kisha kumchagulia rangi: nyekundu, akimbizwe hospitali; njano, angoje; kijani, anatembea; nyeusi, amekwisha kufa. Daktari, aliyesimama mlangoni na kishikwambi chake, aliziona rangi hizo papo hapo na kuwatuma wabeba machela. Weusi walipelekwa darasa la nyuma.

Saa nane mchana muuguzi alirudi kumtazama wifi yake aliyevunjika nyonga. Mkeka ulikuwa mtupu.

"Daktari, wifi yangu yuko wapi?"

"Namba arobaini na tatu? Mweusi, Sista. Pole sana."

"Nilimwandika mwekundu. Nimemwacha anaongea."

"Mashine haina wifi wala shemeji," daktari alisema kwa upole. "Tazama, imeandikwa kwa jina lako."

Akatazama. Kweli, jina lilikuwa lake. Na hapo hapo, chini ya kioo, kitu kinene cha rangi ya ini kilipita polepole juu ya namba hamsini, kikaacha ute wenye povu, na ile nyekundu ikageuka nyeusi. Daktari alikuwa ameshageukia machela nyingine.

Muuguzi alikimbilia darasa la nyuma. Mwosha maiti, mama mtu mzima waliyemwita Mama Kafuri, alikuwa ameegemea ukuta nje ya darasa, kitambaa puani.

"Usiingie kwa pupa, mwanangu," alinong'ona. "Mle mna anayekula."

"Anakula nini?"

"Sikiliza."

Ilikuwa sauti ya kulamba, kama mbwa anayekomba sufuria. Muuguzi alisukuma mlango, na harufu ikamwingia kooni kabla ya macho kuona, harufu ya nyama iliyosahaulika kwenye mfuko wa plastiki juani, kisha akamwona mtu mnene asiye na nguo, ngozi yake imelowa kama utumbo uliooshwa nusu, amechuchumaa katikati ya maiti na kuwapitishia ulimi mikononi mmoja baada ya mwingine, na kila ulimi ulipopita ngozi ililainika kama sabuni iliyolala majini, ikachunika, ikamezwa pamoja na vinyweleo vyake, mpaka akaufikia mkono wa wifi, ambao vidole vyake vilikuwa bado vinatikisika.

"Huyu ana chumvi," lile jitu lilisema, mate yakichuruzika. "Mmeshamwandika. Aliyeandikwa amekufa ni wangu."

Muuguzi alifungua namba arobaini na tatu. Akabonyeza nyekundu, kidole kikateleza. Akabonyeza tena.

"Lete hapa," Mama Kafuri alisema. Alivunja kipande cha kafuri yake ya kuoshea maiti, akakisugua kwenye kioo huku akisoma aya kwa sauti ya chini isiyokatika. Ute ukakunjamana, ukabanduka kama utando wa maziwa. "Sasa. Liliingia kwa maandishi, litoke kwa maandishi."

Namba arobaini na tatu ikawa nyekundu. Jitu likajikunja, likatapika nywele, kucha na maji meusi sakafuni, kisha likapenya kwenye tundu la kutolea maji ya kudekia, mwili mzima, likivutika kama kamasi. Huko mlangoni mwa ukumbi daktari aliiona nyekundu, akaita machela.

Namba hamsini walimkuta amekufa kweli. Mkono wake haukuwa na ngozi mpaka kwenye kiwiko.

Ndani ya gari la wagonjwa, wifi alifumbua macho.

"Yule baba ameshuka?"

"Ameondoka, wifi. Pumzika."

"Hakuondoka. Ametangulia." Wifi alilamba midomo yake iliyokauka. "Kaniambia nyumbani anapajua. Mtaa, namba ya mlango, na watoto wanaolala chumba cha mbele. Anasema wewe uliandika vizuri sana."