Waliofumba Macho Médina

Picha ya kwanza ilikuwa ya kinyozi wa kona, kamshika mteja kidevu, wembe uko hewani. Wote wawili wamefumba macho. Soukeyna akasonya, akafuta, akapiga nyingine. Wamefumba tena.

"Jua hilo, dada," kinyozi akamwambia. Lakini walikuwa kivulini.

Soukeyna alikuwa akizunguka mtaa wa Médina na kamera yake ndogo ya dijitali tangu hajaolewa, akipiga mafundi cherehani, wauza kahawa na watoto wachezao mpira. Sasa jumba moja la maonyesho hapo Dakar limekubali kutundika picha zake mpya, na hana hata moja ya kupeleka. Juma hili kila aliyempiga alifumba macho, mpaka kondoo waliofungwa milangoni. Alibadilisha betri, akabadilisha kadi. Fundi wa kamera aliishika akapiga watu barabarani, nao wakatoka macho wazi.

"Kamera nzima hii," fundi akasema. "Tatizo mpigaji."

Nyumbani, mumewe Magatte akacheka. "Labda wanakuona wewe, usingizi unawashika."

Nusura amrushie kandambili. Kwa hasira akamgeuzia kamera mama mkwe wake, Mama Daro, aliyekuwa uani kwenye mkeka akichambua mchele kwa vidole, maana alikuwa kipofu wa miaka mingi. Picha ikatoka. Macho wazi kabisa.

"Afadhali wewe, Mama," Soukeyna akasema kwa uchungu.

Mama Daro akashusha sauti. "Na huyo mgeni wako, mbona humkaribishi akae? Kila ukipiga picha anasimama nyuma yako. Mrefu. Ananuka maziwa yaliyochacha."

"Mama, hapa hakuna mgeni."

"Wenye macho wanamwona, mwanangu. Macho yao yanajua kabla wenyewe hawajajua. Ndiyo maana yanafumba."

Soukeyna hakugeuka. Alibaki na kamera mkononi huku ile harufu, ambayo juma zima aliidhania ya mifereji, ikimpanda kisogoni kwa uvuguvugu kama pumzi ya mtu aliyeinama ili naye aone kilichomo kwenye kioo cha kamera, na Magatte, aliyekuwa amemtazama mkewe, akafumba macho pale pale aliposimama.

Mara hii hakucheka. Alikwenda kumleta Mama Khary, mganga wa Kilebu, kabila la wenyeji wa pwani hiyo, ambaye aligoma kuvuka mlango.

"Ulipiga picha wapi mahali palipomwagwa maziwa?"

Soukeyna akakumbuka kisima kilichofukiwa nyuma ya soko la samaki, na kidimbwi cheupe kilichong'aa kando yake saa sita mchana. Alikuwa ameruka kamba iliyozungushiwa hapo ili akisogelee.

"Hayo ni maziwa ya kumtambikia jini wa hapo. Umepiga picha kwake bila hodi. Sasa anataka apigwe na yeye. Akipigwa ataondoka, na picha ifutwe bila kutazamwa."

Magatte akajaribu. Macho yakafumba, kidole kikagoma.

"Nipeni," Mama Daro akasema. "Mimi nina macho gani ya kufumba?"

Wakamkalisha Soukeyna kwenye kigoda mbele ya mama mkwe wake, naye akashika magoti yake kwa nguvu akisikia nyuma yake kitu kinajinyoosha, kinajiweka sawa, kinatulia kama watu wanavyotulia wakiambiwa wasitikisike, na vidole vya yule mzee vikipapasa, vikipapasa, mpaka kamera ikalia.

Harufu ikakatika. Mama Khary akapokea kamera pale mlangoni, akaifuta picha kwa mkono wake, uso kaugeuzia barabarani.

Jioni ile Soukeyna alitoka akapiga mtaa mzima. Kinyozi, kondoo, watoto: wote macho wazi. Alilia palepale barabarani, watu wakimshangaa.

Asubuhi alimpelekea Mama Daro uji. Alimkuta ameketi kitandani, uso kauelekeza mlangoni.

"Soukeyna," akasema taratibu, "hiyo kanga ya njano imekupendeza."

Bakuli likamponyoka. Mama anaona! Furaha ikamjaa, akafungua kinywa amwite Magatte, akanyoosha mikono amkumbatie, na ndipo alipogundua kwamba yeye mwenyewe amefumba macho, na kila akijaribu kuyafumbua, hayafumbuki, huku harufu ya maziwa yaliyochacha ikimjia kutoka kitandani kwa Mama.