Anayekupenda na Anayefika

Kila alfajiri, kabla ya kupanga chupa zake za mafuta ya kula mezani, Anifa aliwahi pampu ya maji. Mtaa wao pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ulikuwa na pampu moja tu. René, mkuu wa kamati ya maji, aliifungua alfajiri tu na kuifunga tena kwa kufuli mapema asubuhi. Alisema ikitumika kutwa nzima itakufa. Aliyechelewa alishuka mtoni.

Siku moja Sumaya, binti wa Anifa, alikunywa maji ya mto. Aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Alipona, lakini mama yake hakusahau.

Uchaguzi wa kamati ulipokaribia, majirani walimsihi Anifa agombee tena nafasi ya René. Alikataa. Mara iliyopita aliimbiwa na kupigiwa vigelegele, kisha akaangushwa vibaya.

Wiki hiyo alikwenda Lilongwe, soko la Tsoka, kununua mafuta. Hapo alikutana na Pascaline, jirani yake wa zamani aliyeolewa Likuni. Pascaline alikuwa amefanya kazi ya kompyuta katika kampeni ya mgombea mmoja wa ubunge.

"Bantu bote balinipenda," Anifa alimlalamikia kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Siku ya kura habakukuya."

"Mama Sumaya, kura haihesabu mwenye anakupenda. Inahesabu mwenye anafika," Pascaline alisema. "We, siku ya posho, unaleta mafuta sawa na siku zingine?"

"Hapana! Naongeza. Mvua ikinyesha, napunguza."

"Nani anakuambia bantu batakuya?"

"Nabajua. Kuko ba kila siku, kuko ba mara moja moja."

"Njo kazi tulifanya kwa kampeni!"

Pascaline alieleza taratibu. Watu wa kampeni huangalia nani alipiga kura zamani. Huangalia umri wake, na kama anakaa mbali au karibu. Humwendea pia na kumuuliza. Kisha kompyuta hukadiria: kati ya watu kumi wa namna hii, wangapi watafika?

"Mwenye anakuyaka kila mara, usimsumbue," alisema. "Mwenye anapenda mwingine, mwache na mutu wake. Nguvu yako peleka kwa mwenye anakupenda lakini miguu yake iko mizito."

Kelele za soko zilipotea masikioni mwa Anifa. Siku zote aliona umati wa uchaguzi kama upepo, haujulikani utokako wala uendako. Kumbe unaweza kukadiriwa kama wateja!

"Haiko bulozi hiyo?" aliuliza kwa sauti ndogo, akihofia uchawi.

Pascaline alicheka. "Ni makadirio tu, na yanakosea. Lakini usinunue mutu, usitishe mutu, usizuie mwenye anapenda mwingine. We toa kizuizi kwa njia ya mwenye anataka kukuya."

Anifa alirudi na kukubali kugombea. Safari hii hakuandaa nyimbo. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mara ile, nini njo ilikuzuia?"

Wenye watoto wachanga walisema waliogopa foleni ya juani. Vibarua walisema walikuwa mashambani mpaka jioni. Waendesha kabaza, zile baiskeli za abiria, walisema hawakutaka kupoteza wateja. Anifa alishangaa. Miaka yote alidhani walimkataa!

Aliwaendea wasimamizi wa uchaguzi. Aliomba turubai la kivuli, na kura ipigwe mpaka jioni, kwa faida ya wote. René, mpinzani wake, naye aliona ni haki. Wasimamizi wakakubali. Kisha Anifa akarudi kwa wale wenye miguu mizito, akawaambia habari hiyo mmoja mmoja.

Siku ya kura ikaleta msiba. Mzee wa msikitini alifariki, na watu wa uhakika wa Anifa wakaenda kuzika. Hesabu yake haikujua kifo. Hata hivyo alikwenda nao makaburini, maana msiba ni wa wote.

Aliporudi jioni, aliona foleni, akasimama ghafla. Akina mama walikuwa chini ya turubai, watoto mgongoni. Vibarua walikuwa na majembe begani na udongo miguuni. Kabaza zilikuwa zimeegeshwa mstari mzima. Ni walewale aliowafikia nyumba kwa nyumba, na sasa wamekuja kwa miguu yao wenyewe. Waliotoka kuzika wakajiunga nyuma yao.

"Subhanallah," Anifa alinong'ona, mkono mdomoni.

Alishinda. René alimpa mkono, akamkabidhi ufunguo.

"Usiniache, kaka," Anifa alimwambia. "We njo unajua kutengeneza pampu."

René akabaki fundi wa pampu. Ikafunguliwa asubuhi na jioni, ikapumzishwa mchana. Watoto wakaacha kushuka mtoni.

Jioni moja Anifa alibisha mlangoni kwa Irangabiye, mama wa Kirundi asiyetoka nje mara nyingi kwa sababu ya maumivu ya magoti.

"Mimi sikukupigia kura," Irangabiye alisema upesi.

"Najua, dada," Anifa alijibu. "Ndoo yako iko wapi? Nikujazie."