Laini Tano kwa Jina la Kinyozi

Mzee Povu alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa dogo: kiti kimoja, kioo kimoja, na benchi la wanaosubiri. Jina la Mzee Povu alipewa na wateja, kwa sababu alipenda kumpaka mtu sabuni mpaka akabaki macho tu. Jina lake halisi, majina yote matatu, lilikuwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Alijivunia sana kibao kile.

Nyuma ya pazia, mkewe alishona sare za shule. Mashine ya kunyolea ililia upande huu, cherehani ikalia upande ule. Wawili hao walizungumza kutwa nzima bila kuonana.

"Bibie, chai ipo?"

"Ipo. Imekungoja mpaka imepoa."

"Basi nipashie."

"Jiko liko palepale, bwana, na miguu unayo."

Wateja walicheka. Wengine walikuja kabla hata nywele hazijaota vizuri, ili wawasikilize tu.

Siku moja, saa tano asubuhi, Mzee Povu alikuwa akimnyoa ndevu dereva wa lori. Shavu moja lilikuwa tayari. Shavu la pili lilikuwa bado povu tupu. Mara mlango ukasukumwa kwa kishindo. Aliingia mwanamke aliyevaa aproni nyeupe. Alikuwa mpishi wa shule, na alikuwa ametoka jikoni mbiombio, unga ungali mikononi.

Alitaja majina yote matatu ya Mzee Povu, moja baada ya jingine.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu, kaa."

"Sikai! Nirudishie pesa zangu, mwizi mkubwa we!"

Wembe ulisimama hewani. Mzee Povu alidhani hakusikia vizuri.

"Pesa gani, mama?"

"Unajifanya hujui? Saa tatu nimepigiwa simu. Mtu anasema yeye ni mwalimu wa shule anakolala binti yangu. Anasema mwanangu ameanguka kwenye ngazi, ameumia kichwa, daktari anataka pesa ndipo amtibu. Nyuma yake nasikia mtoto analia. Kila nikiuliza swali ananiambia, 'Mama, tunachelewa, mtoto anakufa!' Nikatuma akiba yangu yote. Roho ilipotulia kidogo, nikapiga simu shuleni. Mwanangu yuko darasani! Hana hata mkwaruzo!"

Alimsogezea simu usoni.

"Haya, soma. Soma jina la aliyepokea. Mwenzangu wa jikoni kaniambia jina hili liko juu ya mlango wa kinyozi."

Mzee Povu alivaa miwani. Alisoma. Namba ile hakuijua, lakini jina lilikuwa lake, herufi kwa herufi. Akauweka wembe chini.

"Mama, namba hii si yangu. Haki ya Mungu, si yangu."

Kwenye benchi walikuwepo watu wawili. Walitazamana. Mmoja akainuka taratibu, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Jambo hilo lilimuuma Mzee Povu kuliko kuitwa mwizi. Miaka ishirini na sita watu walikuwa wakimwachia koo zao chini ya wembe wake. Leo mmoja ameogopa hata kukaa kwenye benchi lake.

Pazia likafunguka. Mkewe alitoka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa amesikia yote.

"Dada yangu," alimwambia mpishi, "pole sana. Lakini huyu bwana nimeishi naye miaka thelathini, namjua ndani nje. Ujinga anao. Wizi hana."

Dereva wa lori akacheka, povu likamwingia mdomoni. Mpishi hakucheka. Alikaa ghafla kwenye benchi, akafunika uso kwa aproni, akalia. Mke wa kinyozi akaketi karibu naye, akamshika bega. Mzee Povu alisimama katikati ya duka lake mwenyewe, hajui afanye nini na mikono yake.

Kelele zilimfikia jirani. Jirani huyo alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi kwenye ofisi ya kampuni ya simu, dawati la kuhudumia wateja. Mtaa mzima ulimwita Karani. Siku hiyo zamu yake ilikuwa ya mchana, kwa hiyo alikuwa bado nyumbani. Aliingia, akasikiliza, akaichukua simu ya mpishi na kuutazama ule ujumbe.

"Umetuma saa ngapi, dada?"

"Saa tatu na nusu."

"Sasa ni saa tano na robo. Tukiwahi, huenda hawajazitoa zote. Usifute ujumbe huu, wala namba iliyokupigia. Huo ndio ushahidi wako." Kisha akamgeukia kinyozi. "Na wewe, mzee wangu. Kitambulisho chako umempa nani siku za karibuni?"

"Sijampa mtu."

"Fikiri vizuri. Hakuna aliyekuomba hata akipige picha?"

Mzee Povu alitazama sakafu. Nywele zilizotapakaa zilikuwa nyingi, akazitazama kama mtu anayezihesabu. Mkewe alimjua. Anapokaa kimya hivyo, kuna jambo.

"Sema, mume wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Hatukuli."

Mzee Povu akafungua vifungo viwili vya koti lake la kazi. Ndani alivaa fulana mpya ya njano.

"Fulana hii ulisema umepewa na rafiki yako," mkewe alisema.

"Nilidanganya, bibie. Nilijua ungenigombeza."

Ndipo akaeleza. Miezi miwili nyuma, karibu na soko, alimkuta kijana aliyekaa chini ya mwavuli. Kijana alikuwa na kitambulisho cha kazi shingoni na adabu nyingi. Alisema watu wote wahakiki laini zao, na kila atakayehakiki atapewa fulana. Mzee Povu akatoa kitambulisho. Kijana akakipiga picha kwa simu yake. Kisha akamwambia aweke kidole gumba kwenye kimashine.

"Nikaweka. Akasema hakijasoma, weka tena. Nikaweka tena. Akasema weka tena. Mara nne, mara tano. Nikadhani ni mafuta ya nywele kidoleni. Nikakifuta kwenye suruali, nikaweka tena. Mwenyewe nikamwomba radhi kwa kumsumbua!"

Karani akatikisa kichwa.

"Kidole chako kilisoma mara ya kwanza, mzee wangu. Hizo nyingine alikuwa akisajili laini mpya kwa jina lako. Laini kama hizo huuzwa kwa matapeli. Tapeli akishaiba, jina linaloonekana ni la mtu mwingine. Leo limeonekana la kwako."

Mpishi aliinua uso. Alimtazama mzee yule aliyesimama na fulana yake ya njano, aibu imemjaa.

"Kwa hiyo na wewe umeibiwa," alisema polepole.

"Nimeibiwa jina, mama. Na kwa jina hilo wewe ukaibiwa jasho lako. Nisamehe."

"Tutasameheana njiani," Karani alisema. "Twendeni ofisini. Kila dakika ina maana."

"Lori langu liko nje!" dereva akadakia. "Pandeni!"

"Na shavu lako?" Mzee Povu akauliza.

"Shavu halitakimbia, mzee."

Wakapanda, wanawake watatu mbele wamebanana na dereva, kinyozi nyuma kwenye magunia matupu. Watu barabarani walimshangaa dereva mwenye uso nusu wa binadamu, nusu wa sabuni. Yeye aliwapungia mkono.

Ofisini, Karani alipita upande wake wa dawati, akavaa miwani, akawa mtu wa kazi. Alianza na mpishi. Alizuia ile namba iliyopokea pesa. Sehemu ilikuwa imeshatolewa, lakini sehemu kubwa ilikuwa bado haijaguswa. Mpishi alipoambiwa, alishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuanguka.

Halafu ikawa zamu ya kinyozi. Karani aliingiza namba ya kitambulisho chake. Akaigeuza kompyuta ili wote waone.

"Mzee wangu, una laini ngapi?"

"Moja tu."

"Hapa ziko tano."

Mkewe alizihesabu kwa kidole, mara mbili. Kisha akamshika mumewe mkono, akaubana. Walikuwa wameoana miaka thelathini na hawakuwa watu wa kushikana mikono mbele za watu. Siku hiyo hakuuachia.

Karani akazifunga zile nne. Akampa barua yenye mhuri inayoonyesha kwamba laini hizo si zake. Akawaeleza waende polisi wote wawili, kila mmoja aandikishe maelezo yake na kupewa namba ya taarifa.

"Sikilizeni," alisema. "Mtu wa kampuni ya simu au wa benki hatakuomba namba yako ya siri. Hata mimi, jirani yako, sina ruhusa ya kukuuliza. Kuna zile tarakimu zinazoingia kwenye simu kwa ujumbe. Nazo ni ufunguo wa nyumba yako. Anayekupigia akitaka umsomee, mkatie."

"Na akinitisha?" mpishi aliuliza. "Mimi walinitisha ndipo akili ikaruka."

"Ndiyo kazi yao hiyo, kuirusha akili. Mtu akikuharakisha, hapohapo simama. Kata simu. Piga wewe mwenyewe kwa namba unayoijua, siyo ile aliyokupigia yeye. Kama ni kweli, utaambiwa ni kweli."

"Na kitambulisho?" kinyozi akauliza. "Siku nyingine ninaombwa nakala. Nikatae?"

"Pengine huwezi kukataa. Lakini uliza ya nini. Halafu chora mistari miwili juu ya nakala, katikati yake uandike inakokwenda na tarehe. Mtu hataweza kuitumia kwingine kwa urahisi. Na kila baada ya miezi michache njoo tuangalie laini zilizo kwenye jina lako. Ni bure."

Mkewe akamgusa kwa kiwiko. "Umesikia neno bure? Hilo ndilo la kulipenda."

Walitoka polisi alasiri. Dereva aliwarudisha, na Mzee Povu akamalizia lile shavu la pili kwa heshima zote. Hakutaka malipo.

Usiku ule Mzee Povu alitaka kukiteremsha kibao cha jina lake.

"Kibaki," mkewe alisema. "Jina ni lako. Kesho waambie watu mwenyewe kilichokupata, kabla hawajaambiwa na wengine."

Ilikuwa kazi ngumu. Kesho yake alianza kumweleza mteja wa kwanza, akaishia katikati. Kwa mteja wa tatu akaweza. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa akieleza vizuri mpaka akiiga sauti ya yule kijana, na mkewe nyuma ya pazia akimsahihisha. "Hujasema kwamba ulimwomba radhi!" Ile fulana ya njano aliikata vipande vya kufutia mafuta ya cherehani. Watu waliocheka walitoa simu zao, wakauliza wataangaliaje laini zao. Seremala mmoja akakuta tatu asizozijua. Yule mteja aliyeondoka bila kuaga alirudi, akakaa kitini, akainua kidevu. Mzee Povu akampaka povu hadi masikioni.

Baada ya mwezi na siku kadhaa, polisi waliwaita. Kumbukumbu za usajili zilionyesha kimashine kilichotumika na nani alikabidhiwa. Kijana wa mwavuli alikamatwa, na kupitia kwake wengine wawili. Mpishi alirudishiwa zile pesa zilizozuiwa. Zilizokwisha kutolewa alikuwa bado anazifuatilia, na kila alipokwenda polisi, mke wa kinyozi alifuatana naye. Wakawa marafiki wa kweli.

Jumamosi moja mpishi alikuja kumtembelea rafiki yake huyo. Pazia lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na Mzee Povu aliweza kuwaona wote wawili. Simu ya mpishi ikalia. Namba ngeni. Akaipokea, na kinyozi akaona uso wake unabadilika.

"Ameanguka wapi?" mpishi aliuliza. "Wewe ni mwalimu yupi?"

Upande wa pili mtu alipiga kelele. Hata kinyozi alisikia: haraka, mama, haraka.

Mzee Povu alizima mashine. Alitaka kusema, mkewe akamwashiria anyamaze.

Mpishi akakata simu. Akatoa kidaftari kwenye mkoba, akatafuta namba ya mlezi wa bweni, akaibonyeza tarakimu moja moja. Iliita. Iliita sana.

"Mlezi? Ni mama yake... Naomba nimsikie mwanangu. Sasa hivi, tafadhali."

Wakangoja. Zikasikika simuni hatua za mtu anayekimbia.

"Mama?" sauti nyembamba ilisema. "Kuna nini? Nilikuwa nafua soksi."

"Hakuna kitu, mwanangu," mpishi alisema, machozi yakimtiririka huku anacheka. "Endelea kufua. Na zisuuze vizuri."