Jibu Lisilo la Nuzhat

Mwanamume asiyejua sufuria hukaa wapi, siku ukimkuta jikoni kabla ya adhana usimshukuru, mtazame mikono. Nuzhat hakutazama. Alikuwa na usaili wa kazi saa nne asubuhi, na alipoona kaka yake Wajahat amempigia mtandio pasi na amempashia kichri, ule wali wa dengu, na nyama ya kusaga, alifurahi kama mjinga. Kitu kimoja tu kilimgusa. Kaka hakula. Alikaa akimtazama anavyotafuna, na kila Nuzhat alipomeza, naye akameza mate.

Wajahat alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika kampuni ileile iliyomwita dada yake, kwenye jengo la vioo kule Gachibowli, mtaa wa kampuni za kompyuta. Kazi aliipata ghafla miaka miwili nyuma, yeye aliyefeli hesabu mara tatu, na uchochoro wao wote pale Mehdipatnam ulikula halua. Tangu hapo akakonda. Akawa anaongea usingizini, majibu matupu bila maswali. Mama yao Khairunnisa, mjane, alisema ni uchovu. Na ni Wajahat aliyelipeleka jina la Nuzhat ofisini, maana kampuni hizo hupenda mfanyakazi alete wa kwao.

Mlangoni kaka akamfunga imamu zamini, kile kitambaa chenye sarafu ndani anachofungwa mkononi mtu aendaye kwenye jambo zito ili arudi salama. Akifika, sarafu humpa maskini. Kwa desturi hufunga mama. Mama alikuwa amesimama nyuma anaangalia ukuta.

"Usikifungue mpaka umalize," Wajahat akasema.

"Na maskini nitakaowakuta njiani?"

"Watasubiri. Wamezoea."

Nuzhat akacheka, akaondoka.

Siku hizi kampuni zimechoka kudanganywa. Watu walikuwa wakisailiwa kwa simu, kumbe anayejibu ni rafiki aliyekodiwa. Siku ya kuanza kazi anakuja mtu asiyejua hata kuwasha mashine. Ndiyo maana wote sasa huitwa waje na miili yao. Getini walimkagua Nuzhat masikio, asije akawa na kifaa cha kunong'onezewa, kama wanaomtafuta usaha.

Chumbani walikuwa wawili: Bi Padmaja, mwembamba, mkavu wa maneno, na Bwana Raghunandan, ambaye hakuinua macho kwenye karatasi. Swali la kwanza Nuzhat alilijua. Alikuwa amesoma miaka minne, na hakuna kitu duniani alichokuwa nacho ambacho ni chake peke yake ila kile kichwa. Akafungua mdomo, na jibu likatoka kabla hajalifikiria. Lilikuwa sahihi. Lilikuwa zuri kuliko lake. Sauti ni yake, ila pumzi haikuwa yake, na chumbani kukaingia harufu ya kwato za mbuzi zinazobabuliwa motoni.

Raghunandan akainua macho. Padmaja akauliza nani anapika, akafungua mlango, akachungulia, akaufunga.

Wakampa kalamu aandike programu kwenye ubao mweupe, na mkono ukaanza kuandika wenyewe, haraka, kalamu ikilia juu ya ubao kama kucha juu ya sahani, naye akijaribu kuushusha na haushuki, akijaribu kuyasoma anayoyaandika na hayasomeki, akalitafuta kichwani somo aliloshika tangu mwaka wa kwanza, akakuta mahali pake pametulia tu, peupe, kama rafu iliyofutwa vumbi, na kila mstari ulioongezeka ubaoni ukang'oa kitu kingine ndani yake, mpaka jina la mwalimu aliyemfundisha likampotea, na kwenye kioo cha dirisha akaiona midomo yake inatabasamu ilhali yeye alikuwa anataka kulia.

Wasaili walifurahi sana. Wakampa dakika kumi apumzike.

Chooni, kile kitambaa kilikuwa kinamuunguza mkono. Akakifungua. Sarafu haikuwemo. Kulikuwa na kucha za mwanamume, moja imepasuka katikati kama ya dole gumba la Wajahat, na kishungi cha nywele laini za mtoto mchanga, kimefungwa uzi wa kijani. Kucha zilimshangaza. Nywele alizitambua. Zilikuwa nywele zake za akika, alizonyolewa siku ya saba, na zilikuwa zinakaa kwenye sanduku la bati ambalo ufunguo wake hautoki shingoni mwa mama yake.

Akapiga simu nyumbani. Mama hakuuliza usaili unaendaje. Aliuliza kwa kunong'ona, "Kimeshaingia?"

"Ammi, umefanya nini?"

"Kile kilichompa kaka yako kazi sasa kinammaliza. Kinataka mwingine wa damu yake, la sivyo kinamla yeye. Wewe utaolewa, mwanangu, utakwenda kwa watu. Yeye ndiye wa kunizika."

Nuzhat akakata simu. Akavitupa vile vitu chooni, akavuta maji, vikazama. Harufu haikupungua. Mgeni akishaingia, kuvunja mlango hakumtoi.

Aliporudi, Padmaja alimwambia kazi ni kama ameshaipata, limebaki swali moja. Akauliza. Mdomo wa Nuzhat ukaanza kufunguka, naye akauuma ulimi mpaka akaonja damu, na ndani ya maumivu akapata mwanya wa maneno machache.

"Majibu haya si yangu," akasema. "Kuna anayenijibia."

Jini akaaye ndani ya jibu huishi kwa yule anayelipokea kama lake. Ukilikana mbele ya mashahidi, hana pa kukaa. Lakini kulikana kwenyewe ni ghali. Wakamkagua masikio tena, wakamkagua mikono, hawakuona kitu, wakaandika jina lake kwenye orodha ya wadanganyifu ambayo kampuni hupeana.

"Binti, umejifungia mji mzima," Padmaja akamwambia, bila hasira.

Nuzhat akasema anajua. Jina la mwalimu wake lilikuwa limemrudia, na hilo lilimtosha. Harufu ikatoka chini ya mlango. Ghorofa ya juu, anakofanyia kazi Wajahat, kiti kikaanguka kwa kishindo, watu wakaanza kukimbia.

Alipofika nyumbani, wenzake Wajahat wa kazini walikuwa wameshamleta na kumlaza nyuma ya pazia. Khairunnisa akamdaka binti yake kizingitini, akamshika mikono yote miwili.

"Kichukue tena," akamsihi. "Hata mwezi mmoja tu, apate nguvu."

"Ammi, na wewe ni damu yake. Ulifikiria hata siku moja uende wewe?"

Jibu likatoka nyuma ya pazia, taratibu, kwa sauti ya Wajahat lakini bila pumzi yake.

"Nilimwomba Ammi kwanza. Alikataa kabla sijamaliza kuuliza."

Khairunnisa akalivuta pazia lizibe vizuri. Nuzhat hakuvua viatu. Akageuka, akaondoka.