Filamu ya Magoti ya Recho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Recho aligeuza dagaa. Mama yake, Skolastika, alikuwa na vichanja vitatu pale Katonga, Kigoma, karibu kabisa na maji ya ziwa, na dagaa wasipogeuzwa mapema hukauka upande mmoja wakabaki wabichi upande wa pili. Recho alikuwa na miaka kumi na mitatu na mikono myepesi. Kunguru walipokaribia aliwafokea kwa Kiha, kwa sababu aliamini kunguru wa Katonga Kiswahili hawakisikii.

Nyumbani kwao mawese yalikuwa dawa ya kila kitu. Mlango ukilia, mama alipaka mawese. Mnyororo wa baiskeli ukikwama, mawese. Visigino vikipasuka, mawese. Hata kufuli la duka la jirani lilipogoma kufunguka, Recho ndiye aliyetumwa kupeleka mawese kidogo kwenye kijiko, na kufuli likafunguka. Kwa hiyo msimcheke mno kwa jambo alilokuja kulifanya.

Siku hizo Recho alikuwa na wasiwasi. Babu yake Adolf, baba wa mama yake, aliishi peke yake Nyamihanga, kitongoji kidogo cha mwambao wa kaskazini kinachofikiwa kwa boti tu. Nyumba yake ilikaa chini ya mlima mkali. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeacha ufa huko juu, na vijana waliopanda kutafuta kuni walirudi wakisema ufa huo unazidi kupanuka. Majirani wawili walikwisha kuhama. Babu hakutaka hata kusikia.

"Mlima huu nimeujua kabla mama yako hajazaliwa," alimwambia Recho kila alipombembeleza ahamie Katonga. "Nileteeni huo ufa niuone kwa macho yangu, ndipo nitahama."

Kupanda mlimani hakuweza, maana goti lake la kulia lilikuwa bovu. Na mvua zilikuwa njiani.

Wiki hiyo ndege ya ajabu ilitua katika uwanja wa ndege wa Kigoma. Ilikuwa ndogo, nyembamba, yenye mabawa marefu kupita kiasi. Iliruka kwa injini, lakini ikifika juu rubani aliizima injini, ndege ikabaki inaelea kimya kama mwewe. Rubani wake alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Kidahwe, Kapteni Regina. Kazi yake ilikuwa kurekodi video za milima ya mwambao ili wataalamu waone mahali udongo unapoporomoka. Alimwomba Mwalimu Samson, mlezi wa klabu ya mazingira shuleni kwa kina Recho, ampatie mwanafunzi anayeijua vizuri milima ya Nyamihanga. Mwalimu hakuhangaika kutafuta. Recho alikuwa amemaliza likizo zake zote kule.

Mama yake alipokubali, Recho alipelekwa uwanjani mchana ule ule kujifunza.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, binti. Karibu. Unaona hiki kioo kilichotufunika? Video nzuri ya angani inaanzia hapa chini, inaanza na kioo safi."

Kapteni Regina alikiosha kwa maji mengi na kitambaa laini. Alieleza kwamba vumbi likisuguliwa kavu huchora kioo, na kamera huona kila mchoro. Kisha akalitazama shati la shule la Recho, akatikisa kichwa.

"Kesho usije na nguo nyeupe. Jua likiipiga, itajionyesha kwenye kioo. Utajirekodi mwenyewe badala ya mlima. Vaa nyeusi."

"Na kamera nitaishika hivi?" Recho aliuliza, akinyoosha mikono yote miwili.

"Hapana. Mkono hutetemeka hata kama mwenyewe huhisi. Tunaifunga hapo nyuma ya bega lako, ielekee nje. Na hatuiachi ijiamulie mwanga. Ziwa linang'aa sana. Kamera ikilitazama ziwa itadhani dunia nzima inawaka, itaupunguza mwanga mpaka mlima uwe giza tupu. Kwa hiyo tunaipimia mwanga kwenye mlima, halafu tunaufunga hapo hapo."

Fundi wa ndege, kijana mpole aliyeitwa Pastory, alikifunga kishikio cha kamera akakaza skrubu kwa nguvu zake zote. Recho alijaribu kukigeuza. Kilikuwa kigumu, tena kilitoa mlio mwembamba, kii!

"Kikiwa kigumu hivyo ndiyo vizuri," Kapteni alisema. "Usikiguse tena."

Asubuhi iliyofuata Recho alifika amevaa sweta jeusi na suruali nyeusi, mkononi ameshika chupa ya mawese. Ilikuwa zawadi kutoka kwa mama yake, kwani mgeni wa Kigoma haondoki mikono mitupu. Kapteni na Pastory walikuwa wamesogea pembeni kuzungumza na watu wa uwanja juu ya hali ya hewa. Recho akabaki peke yake kando ya ndege.

Akakumbuka ule mlio. Angani injini itazimwa, kutakuwa kimya kabisa. Je, kishikio kikianza kulia kii, kii, video ya kumwonyesha babu si itaharibika? Alifungua chupa, akachovya kidole, akapaka mawese kwenye kiungo cha kishikio. Akakisukuma kidogo. Hakikulia. Recho akatabasamu, akakifuta kidole kwenye majani.

Walipaa. Kigoma ikabaki chini, mabati yakimeta, na ziwa likatanuka mpaka kwenye milima ya Kongo. Walipofika juu ya mwambao, Kapteni alizima injini. Recho alishusha pumzi. Hakukuwa na mtetemo, sauti pekee ilikuwa ya upepo ukipita kwenye mabawa. Uzi mwekundu ulionatishwa nje ya kioo ulikuwa umenyooka sawasawa, na Kapteni alimwambia kwamba uzi ukinyooka hivyo ndege inakwenda vizuri, na video haitayumba.

"Ule kule!" Recho aliita. "Mlima wa babu! Ukipita upande wa juu utaona michikichi yake."

Ndege iliinama taratibu ikauzunguka mlima. Recho alikuwa na furaha hata akasahau kuogopa. Kwa mbali aliona mchoro mweusi ukipita kati ya nyasi, lakini ndege ilikuwa ikigeuka, na hakuuona vizuri. Haidhuru, alijiambia, kamera imeona.

Kamera haikuona. Walipotua, Kapteni aliichezesha video kwenye kishikwambi, nao wakainama kutazama. Mwanzoni ziwa lilionekana vizuri, kisha mwambao, kisha ncha ya mlima. Halafu picha ikaanza kuteleza polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Mlima ukapanda juu, ukatoka. Kilichobaki mpaka mwisho kilikuwa magoti mawili ndani ya suruali nyeusi.

Hakuna aliyecheka.

"Pastory, ulikikaza kishikio?" Kapteni aliuliza.

"Nilikaza, Kapteni. Nilikaza mpaka kiganja kikauma."

"Basi hukukaza vya kutosha, au kuna kitu kimevunjika ndani." Kapteni alikunja uso. "Nilitaka turudie kesho asubuhi kabla sijaondoka. Lakini kitu kilicholegea bila sababu ninayoijua, mimi siruki nacho. Kikichomoka angani kikakwama kwenye usukani, hatutakuwa na habari ya video tena. Kazi ya Nyamihanga imeishia hapa."

Pastory aliinamisha kichwa. Recho alifungua mdomo, kisha akaufunga. Akisema, Kapteni ataona kwamba alikatazwa akagusa. Mwalimu atajua, darasa zima litajua. Na kwani nani alimwona? Aliaga kwa sauti ndogo, akamfuata Mwalimu Samson, aliyekuja kumchukua, kwenye pikipiki.

Walikuwa hawajafika barabarani Recho alipoinua macho akaona wingu zito juu ya milima ya ng'ambo ya ziwa. Akilini alimwona babu yake akiwa amekaa mlangoni akilikanda goti lake, ameupa mlima mgongo. Alimwona pia Pastory, jinsi alivyokitazama kiganja chake baada ya kulaumiwa. Aibu ilimshika mpaka masikioni.

"Mwalimu, naomba usimame. Nirudishe."

"Umesahau nini?"

"Sijasahau. Nimeficha."

Kapteni Regina alikuwa bado kando ya ndege. Recho alisimama mbele yake, mikono nyuma, akasema yote bila kupumzika, kuanzia mlio mpaka chupa ya mawese. "Nilidhani nasaidia," alimaliza huku machozi yakimtoka. "Ulinikataza, nami nikagusa. Halafu nikaacha Kaka Pastory alaumiwe. Kaka Pastory, nisamehe."

Kapteni alikifungua kishikio, akapitisha kidole ndani ya kiungo, akakinusa. Mawese matupu, mekundu.

"Nimekasirika, Recho," alisema kwa utulivu. "Angani, jambo dogo ulilolifanya bila kuniambia linaweza kutuua sote wawili. Hilo nataka ulikumbuke." Akakipangusa kidole kwa kitambaa. "Lakini sasa najua kishikio changu ni kizima. Pastory, samahani. Nimekulaumu bure."

"Yamekwisha, Kapteni," Pastory alijibu, na uso wake ukafunguka. Alimtazama Recho. "Haya, dada wa mawese, kalete maji na sabuni. Uliyepaka ndiye utakayeosha."

Recho aliosha kile kiungo mara nyingi, akakikausha, akakipa Pastory akikaze. Kilipogeuzwa kililia kii! Recho hakuwahi kusikia mlio mtamu kama ule.

Kesho yake wakaruka tena. Safari hii Recho hakugusa kitu asichoambiwa. Kapteni aliuzunguka mlima mara mbili kwa mwendo wa upole, na uzi mwekundu ulibaki umenyooka.

Jumamosi, Recho na mama yake walipanda boti kwenda Nyamihanga, wameviringisha kwenye kanga kishikwambi cha Mwalimu Samson. Walimkuta babu ndani, akimenya mihogo.

"Mwakeye, Babu," Recho alisalimu kwa Kiha. "Shikamoo."

"Marahaba. Mmekuja tena kunihamisha?"

"Tumekuletea ufa," Recho alisema.

Babu Adolf alicheka, lakini alivaa miwani. Video ilianza. Ziwa, mwambao, paa la nyumba yake mwenyewe. Alilifurahia paa lake. Kisha mlima ukajaa kwenye kioo, wazi na mtulivu kama umechorwa, na ule mchoro mweusi ukaonekana ukikata nyasi kutoka upande hadi upande. Babu hakusema kitu kuhusu ufa. Alinyoosha kidole kwenye michikichi.

"Rudisha nyuma."

Recho akarudisha.

"Rudisha tena." Sauti ya babu ilikuwa imebadilika. "Michikichi hii niliipanda na bibi yako Rozalia, mwaka aliozaliwa mama yako. Tulivuta kamba, yeye ameshika huku, mimi kule. Mstari ulinyooka kama kamba yenyewe. Tazama sasa."

Wakatazama. Mstari wa michikichi ulishuka vizuri mpaka kwenye ufa. Chini ya ufa, miti yote ilikuwa imesogea pembeni na kuinama kuelekea kwenye paa la nyumba. Mtu aliyesimama chini asingeweza kuona hilo. Lilionekana kutoka angani tu.

"Mlima unatembea," babu alisema taratibu. Alivua miwani, akafuta macho. "Skolastika, chumba chako cha nyuma bado kipo?"

"Kipo, Baba. Kinakusubiri."

Alihama kabla ya wiki kwisha, na mlango wake akaubeba, maana aliuchonga mwenyewe. Mvua kubwa ya kwanza ilipomaliza kunyesha, boti iliyotoka kaskazini ilileta habari kwamba udongo umeshuka Nyamihanga. Hakuna mtu aliyeumia. Mahali ilipokuwa nyumba ya Babu Adolf palibaki tope, mawe na mchikichi mmoja ulioanguka.

Babu alikuwa kwenye vichanja akigeuza dagaa aliposikia habari hizo. Alikaa chini kando ya kichanja. Kisha akamwita mjukuu wake.

"Mama yako aliniambia kuna video nyingine. Ya magoti."

Recho aliona haya. "Babu, ile ni ya makosa. Bado imo kwenye simu ya mama, nataka kuifuta."

"Nionyeshe kwanza."

Aliitazama yote, kuanzia ziwa mpaka yale magoti yaliyokaa kimya angani, na mwisho akacheka hadi kunguru wakaruka. Kisha akashika mkono wa Recho, uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Usiifute, mjukuu wangu. Video ya mlima ndiyo iliyonitoa kule. Lakini kama ungeiacha hii ya magoti na uongo wake, ile ya mlima isingepigwa kamwe, nami ningekuwa chini ya tope lile. Kukosea umekosea, wala sikusifii kwa hilo. Lakini kamera iliyoteleza inakazwa ikijulikana imeteleza wapi. Na mtu ni hivyo hivyo. Ukikosea, sema mapema, watu wapate pa kukukaza."

Recho aliitikia kwa kichwa. Babu aliinuka taratibu, akiegemea bega lake.

"Sasa tugeuze hawa dagaa," alisema. "Na hili goti langu linalia. Kalete mawese."