Akina Skelbeck wa Bondeni

Winifred alifika kanisani saa kumi jioni, jua la Novemba likizama. Kwenye ramani ya majina ya ukoo, Uingereza nzima, jina Skelbeck lilikuwa na doa moja tu: bonde hili la Yorkshire. Lilitokana na kijito kinachopita nyuma ya kanisa.

Mumewe Rufus, aliyemwachia jina hilo, alishafariki. Mtoto wao Edmund, miaka minane, alilazwa Leeds akisubiri kupandikizwa uboho wa ndugu wa damu. Madaktari walimpa siku kumi. Zilikuwa zimebaki mbili.

Kanisani hamkuwa na mtu. Palikuwa na kitabu cha wageni, na Winifred akaandika: *Edmund Skelbeck. Leeds, wodi ya nne, kitanda cha dirishani. Ndugu yeyote, tafadhali njoo.*

Harufu ya udongo mbichi ikapita...

"Unamtafuta nani, mama?" Alikuwa mzee Pell, mtunza kanisa, na funguo zake.

"Akina Skelbeck."

"Wamejaa tele. Wote wamelala hapo nje."

Akamwonyesha kwa tochi. Huyu alifia Bristol. Huyu alizama baharini. Yule alihamia Kanada.

"Nani aliwarudisha?"

"Hatujui. Tunaamka, tunakuta kaburi. Jina hili halikai mbali."

Jiwe la mwisho lilikuwa jipya.

Rufus Skelbeck.

Winifred akayagusa maandishi. Alimzika Leeds, alitupa udongo kwa mkono wake mwenyewe.

Pell alimrudisha ndani, akamketisha. Ndipo alipokiona kitabu. Akasoma, uso ukamparama.

"Mama... umeandika anapolala?"

Winifred alishapiga simu wodini. Muuguzi alipokea kwa furaha.

"Nilitaka kukupigia. Ndugu amepatikana."

"Ndugu gani?"

"Kasema ni baba yake. Viatu vimejaa matope, ila Edmund kamjua mara moja, kamrukia. Anamvalisha koti hapa."

"Mzuie. Nakuomba, dada, baba yake alikufa. Funga mlango."

 Sauti ya muuguzi ikasikika kwa mbali: "Walikuwa hapa sasa hivi..."

Simu ikakatika. Winifred alimgeukia Pell, akamshika mkono, akamsihi afanye chochote, amwandike yeye badala ya mtoto. Mzee alitikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Wewe uliolewa tu, mama. Hawakutaki."

Nje, kando ya jiwe jipya, koleo lilianza kuchimba.

Polepole. Shimo dogo halina haraka.